Sababu Aliyoikosa Baba

Insha yangu ya kwanza ilianza kwa kumshukuru Mungu, na sikuona ubaya wowote. Nimekulia kwenye vikao vya ukoo, na kwenye kikao cha ukoo hakuna mtu anayeinuka na kulitamka jambo lake hivi hivi, kavukavu. Unaanza na Mungu aliyetujalia kuiona siku, anafuata mwenyekiti, unawapa pole waliotoka mbali, unawakumbuka waliotangulia mbele ya haki, na ukishaona watu wamelainika ndipo unalisogeza taratibu lile lililokuinua. Basi na mimi niliandika hivyo hivyo. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru wenye ufadhili kwa kunipa nafasi, nikaisimulia Kariakoo tangu enzi za Wajerumani, na kile nilichotaka kusema nikakiweka kwenye aya ya mwisho kabisa.

Mwalimu wangu aliisoma yote akiwa amesimama dirishani. Alikuwa mama wa Kiarabu, mstaafu, aliyekuwa akiishi ghorofani Upanga, nyuma ya hospitali kubwa, na kuwafundisha sebuleni kwake watu kama mimi waliokuwa wakiomba ufadhili wa kusoma ng'ambo. Akavua miwani.

"Umemshukuru kila mtu humu," akasema. "Umebakiza mlinzi wa getini tu. Sasa hoja yako iko wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha aya ya mwisho.

"Mbona umeificha? Waogopa itaibiwa?"

Nilinuna. Mimi ni mwepesi wa kununa, na ninapokosolewa mbele ya chai ya mtu nanuna maradufu. Lakini alikuwa amegusa penyewe. Baba yangu alikuwa na duka la jumla la ndoo na mabeseni Mtaa wa Kongo, na jambo la kwanza alilonifundisha, kabla sijajua hata kufunga kamba za viatu, ni kwamba anayetaja bei kwanza ameumia. Mteja akikuuliza beseni bei gani, wewe muulize anataka mangapi. Kati ya kikao na duka, mimi nilikuwa nimefunzwa pande zote mbili kutolisema jambo mwanzoni.

Tulikuwa wawili tu, mimi na baba. Mama aliondoka ningali mdogo, akaolewa kwingine, na baba hakuoa tena. Tuliishi ghorofa ya tatu, karibu na duka, tukisikia spika za wauza nguo tangu asubuhi. Baba alikuwa mtu wa Kilimanjaro aliyeshuka Dar akiwa kijana na kubaki. Sasa figo zake zilikuwa zimechoka, na mara kadhaa kila wiki nilimpeleka kwa bajaji hospitali kusafishwa damu. Akishaunganishwa kwenye mashine alinifukuza. "Nenda kwa mwalimu wako," alisema, "hapa unanitazama kama mtu anayelinda maziwa jikoni." Ndivyo nilivyosoma. Baba akisafishwa damu, mimi nyuma ya jengo hilo hilo nafundishwa kuandika sentensi moja.

Kwani ilikuwa sentensi moja tu aliyoitaka yule mama. Ikae mwanzoni, ibebe insha nzima, na iwe na vitu viwili ndani yake: unachokishikilia, na sababu yake. Na iwe ya namna ambayo mtu mzima mwenye akili zake anaweza kusimama na kusema hapana. Nilimpelekea ya kwanza, kwamba Kariakoo ni soko muhimu kwa uchumi wa taifa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Nani atakubishia? Hata anayeichukia Kariakoo ananunua huko. Sentensi isiyomuudhi mtu yeyote ni salamu."

Nilikuwa naomba kwenda kusoma mipango miji, shahada ya pili. Nilihangaika majuma kwa majuma. Nikaandika, akafuta. Nikaandika tena, akaweka alama ya kuuliza. Mwishowe nikaandika kwamba machinga wa barabarani wasihamishwe Kariakoo, kwa sababu ndio wanaomleta mteja mpaka mlangoni mwa mwenye duka. Nilitoka na karatasi, nikazunguka hospitali, nikaenda kumsomea baba pale pale kwenye mashine. Akainua kichwa kutoka kwenye mto.

"We binti una wazimu? Watu wanaonizibia mlango, ndo waniletee wateja?"

"Mteja anakuja Kongo kwa ajili yao, baba. Wewe anakuona akiwa ameshafika."

"Ameniona wapi? Kwa juu ya miavuli? Kwa juu ya masufuria yao?" Alipaza sauti mpaka nesi akaja kutazama shinikizo lake la damu.

Nilirudi kwa mwalimu nikamsimulia. Akaniuliza, "Amekasirika?" Nikamwambia amekasirika sana. "Basi tumefika," akasema, akanimiminia chai.

Tangu hapo baba akaupenda ule mchezo. Alikuwa mtu wa mabishano toka zamani, ila sasa mabishano yalikuwa yamepata utaratibu. Mtu akisema jambo kwenye televisheni, baba alimuuliza palepale, "Na sababu?" Jirani akija kulalamika kuhusu maji, aliulizwa sababu. Kila jioni alidai nimsomee nilichoandika, naye alikivunja kwa raha zote, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya stuli. Nilipoipeleka insha kwa wenye ufadhili, hakuna swali ambalo lingenibabaisha. Yote nilikuwa nimeshaulizwa sebuleni. Sijawahi kupata msomaji kama yeye na sitampata.

Desemba ile watu wetu walifunga maduka kama kawaida wakapanda nyumbani mlimani kula sikukuu, na baba, kwa ubishi wake, akapanda nao akiwa amepanga siku za mashine kwenye hospitali ya huko. Alichoka sana. Hata hivyo aliwatangazia wote, shambani na kanisani, kwamba binti yake anaenda ng'ambo. Nilimwambia bado sijachaguliwa. Akasema ndege ikishafika uwanjani abiria hamuulizi rubani kama wataruka.

Tuliporudi Dar, jioni moja baada ya kunivunjia aya mbili, aliishusha miguu yake kutoka kwenye stuli. Kisha akasema, "Na mimi ninayo yangu. Sikiliza kama imekaa sawa. Mimi nizikwe hapa hapa Dar es Salaam, kwa sababu wewe upo hapa."

Lazima nieleze uzito wa maneno hayo. Watu wetu hata wafie wapi hupelekwa nyumbani. Mabasi hukodiwa, jeneza hutangulia, msafara unasafiri siku nzima mpaka mlimani, na mtu analazwa kwenye shamba la baba yake katikati ya migomba, mahali ambapo kila mmoja anajua ni pake. Mtu wetu akizikwa mjini anazungumzwa kwa sauti ya chini, kama vile hakuwa na ndugu, au alikuwa nao wakamkataa. Baba alikuwa amekaa kwenye kamati za misafara hiyo maisha yake yote. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama na kusema marehemu anarudi kwao.

Nilikasirika. Sijui kwa nini hasira ndiyo iliyotangulia, lakini ndiyo iliyotangulia. "Baba, mwakani mimi sitakuwepo hapa," nikamwambia. "Wewe mwenyewe umewatangazia."

Alifikiri. Nilimwona akiirudia sentensi yake kichwani, akaona palipovunjika. "Kweli," akasema. "Basi nitafute sababu nyingine."

Na aliitafuta, masikini baba yangu, kwa uaminifu wote. Siku iliyofuata kwenye bajaji aliniambia ni kwa sababu kule mlimani yeye ni mgeni wa Desemba. Nikamwambia kila mfanyabiashara wa Kariakoo kutoka kule ni mgeni wa Desemba, na wote wanazikwa huko. Sababu hiyo ni ya soko zima, si yake. Akacheka, akakubali. Siku nyingine akasema ni kwa sababu safari ni ndefu, atachoka. Nikamwambia maiti hachoki. Dereva wa bajaji aligeuka kututazama, nadhani alituona watu wa ajabu. Mara akasema kule kuna baridi. Mara akasema anataka kuendelea kusikia kelele za Dar. Zote nilizivunja, na yeye alifurahi nilivyozivunja, alisema sasa kweli umeiva. Tulikuwa tunacheza. Naweza kusema tulikuwa tunacheza na kifo chake kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kukitazama bila mchezo. Lakini lile la kwanza, kwamba azikwe Dar, hakulirudisha nyuma hata siku moja. Sababu zilikuja na kuondoka, lenyewe likabaki palepale.

Alifariki Jumamosi asubuhi, amekaa kwenye kiti chake, akisubiri chai. Nilitoka jikoni na kikombe nikamkuta. Nilikishika kile kikombe muda mrefu, nikiogopa kwamba nikikiweka chini itakuwa kweli.

Msiba ulijaa kabla jua halijawa kali. Turubai likafungwa kichochoroni, viti vya plastiki vikapangwa, majirani wakashusha sauti za spika zao, jambo ambalo Mtaa wa Kongo haulifanyi kwa mtu yeyote. Kufikia jioni kamati ilikuwa imeshaundwa na ratiba imeshasomwa: ibada, kuaga mwili, kisha msafara alfajiri kwenda nyumbani. Mabasi yalikuwa yameshakodiwa. Hakuna aliyeniuliza mimi, na si kwa dharau. Kwetu hilo halina haja ya kuulizwa.

Kesho yake akafika baba mkubwa, kaka yake baba, ametoka mlimani kwa basi na koti lake la sufu katika joto la Dar. Akaitisha kikao ndani, sebuleni kwetu, wazee peke yao. Mimi ni binti, na binti kwenye kikao cha namna ile huleta chai na kurudi jikoni. Nilileta chai. Sikurudi jikoni.

"Baba alitaka azikwe hapa Dar," nikasema.

Hivyo tu. Sikumshukuru Mungu, sikumpa pole aliyetoka mbali. Mzee mmoja aliweka kikombe chini kwa kishindo. Mwingine alinung'unika kwamba watoto wa mjini hawana adabu, maiti hajazikwa bado na wao wanaleta maneno.

Baba mkubwa alinyoosha mkono watu wanyamaze. "Salamu kwanza, mama," akaniambia kwa upole.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba. Haya. Alikwambia yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe. Zaidi ya mara moja."

"Kwa sababu gani?"

Nilisimama na sinia mkononi. Sebule ile ile, na kiti cha baba kipo pale, hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilikuwa na sababu zote alizowahi kunitajia, na zote nilikuwa nimezivunja kwa mikono yangu, na nilijua wazee wale wangezivunja upesi kuliko mimi. Baridi. Kelele za mji. Ningewaambiaje hivyo watu waliokuwa wamekodi mabasi?

Baba mkubwa aliona nimekwama. Hakunishambulia. Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Mama, kaburi lazima liwe na mtu. Kule tupo. Nyasi zikiota tunakata, msalaba ukiinama tunausimamisha, Krismasi watoto wanapeleka maua. Hapa nani atakuwepo?"

"Mimi," nikasema.

"Wewe si unaenda ng'ambo? Marehemu alitutangazia wote. Alivyojivuna, Mungu wangu." Macho yake yalikuwa mekundu. "Unaenda au huendi?"

Barua ya kuchaguliwa ilikuwa imefika wiki ile ile. Baba aliiona. Aliishika mbele ya dirisha kama mtu anayekagua noti bandia, kisha akaniomba nimsomee mara ya pili.

"Siendi, baba mkubwa," nikasema. "Azikwe hapa, kwa sababu mimi nitakuwepo hapa."

Sikuwa nimelifikiria. Nataka ieleweke hivyo. Sikulala nikalipima, sikuomba ushauri. Lilitoka mdomoni na baada ya kutoka ndipo nililisikia. Ni kweli ilikuwa sentensi ya baba, ile ya kwanza kabisa, niliyoivunja mimi mwenyewe jioni ile. Nilikuwa nimeirudisha mahali pake, na ili isimame ilibidi nisimame mimi.

Baba mkubwa akapangusa uso kwa leso na kusema, "Tumesikia. Basi." Wazee wawili waliinuka wakatoka, na hawakurudi tena kwenye msiba. Safari ya mabasi ikafutwa. Tulimzika Kinondoni, mchana wa jua kali, katikati ya makaburi ya watu tusiowajua. Watu wa nyumbani waliokuja walikuwa wachache, na waliokuja walisimama kwa mbali kidogo, kama waliofika msiba wa mtu wa kazini. Baba mkubwa alitupa udongo wake, akasimama pale pale mpaka wachimbaji walipomaliza kulisawazisha kaburi, akiwa bado na koti lake. Jioni akanishika mkono, akasema anawahi basi la kesho.

Barua ya kukataa nafasi niliiandika siku chache baadaye. Ilikuwa sentensi moja, ina jambo lake na sababu yake. Kwa mazoea nikampelekea mwalimu aisome kabla sijaituma. Aliisoma, akaiweka mezani, akasukuma kikombe cha chai pembeni. Sikuwa nimewahi kumwona akikasirika kabla ya hapo.

"Marehemu angekubishia hii," akasema.

"Angenibishia."

"Angeivunja vipande vipande."

"Najua, mwalimu."

Alianza kulia, na mimi nikalia, sebuleni pale Upanga, na chini magari yalikuwa yakipiga honi kwenye lango la hospitali. Alikuwa amenifundisha karibu mwaka mzima. Nadhani alinililia mimi, na mimi nilimlilia baba, na hatukusaidiana sana. Nikaituma barua.

Naendesha duka sasa. Napatana bei, nagombana na wapagazi, nawagombeza machinga wanaoweka bidhaa kwenye ngazi yangu, kisha nawaacha waziweke. Ndoto ya mipango miji haikufa kwa siku moja. Ilikuwa ikinijia nikiwa nahesabu mabeseni, nikaona uchungu, nikaendelea kuhesabu. Jumapili naenda Kinondoni. Nang'oa majani, nafuta vumbi kwenye msalaba, nakaa kidogo. Kuna siku naenda kwa mapenzi na kuna siku naenda kwa hasira, na nikiwa na hasira nang'oa majani vizuri zaidi.

Masika iliyopita mvua ilinyesha Dar mpaka mitaa ya Kariakoo ikageuka mito, watu wakavuka Mtaa wa Msimbazi wamebeba viatu mkononi. Simu ikaita. Alikuwa baba mkubwa. Tangu mazishi tulikuwa tukisalimiana kwa simu sikukuu tu, salamu fupi za kutimiza wajibu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nimeona kwenye taarifa ya habari, mnaelea huko. Maji hayajamfikia marehemu?"

"Hayajamfikia. Nilikwenda jana. Pale pana mwinuko."

"Udongo haukuzama?"

"Ulizama kidogo upande wa miguu. Nimeleta mtu ameujaza."

Nilisikia kuku upande wa kwake, na mtu akipasua kuni.

"Mama," akasema, "siku ile nilikuuliza unaenda au huendi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Nilikuuliza ili useme unaenda." Sauti yake ilikuwa ya mzee ghafla. "Nilijua huwezi kukataa kwenda, baada ya yote yale. Ungesema unaenda, hoja ingekufa, mimi ningemchukua mdogo wangu nimpeleke nyumbani, na wewe ungepanda ndege yako. Nilivitaka vyote viwili, mama. Ukanijibu lile neno lako, nikavikosa vyote viwili."

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa duka, maji yamefika kwenye kizingiti, ndoo za kuuza zimepangwa kuzuia yasiingie. Nilijua kujibu hoja za kila mtu, nilikuwa nimefundishwa.

"Mvua imeanza kupungua, baba mkubwa," nikamwambia, nayo ilikuwa bado inanyesha vilevile.